Fundi akitoweka na fedha, si kila kesi ni ya polisi

WENGI wanaojenga au kukarabati nyumba katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita humkabidhi fundi malipo ya awali kwa maneno tu, na asipoonekana tena hukimbilia polisi. Hata hivyo, kushindwa kumaliza kazi peke yake si jinai.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutambua hata makubaliano ya mdomo. Fundi aliyeahidi kupaua kabla ya mvua, kisha akaziacha kenchi zikinyeshewa, amevunja mkataba, na kifungu cha 73 kinampa mwenye nyumba haki ya fidia. Chukulia kazi ilikubaliwa kwa Sh milioni 4, fundi akachukua milioni 3 na kutoweka, na fundi wa pili akataka milioni 3.5 kuimaliza. Mwenye nyumba atakuwa ametumia milioni 6.5 kwa kazi ya milioni 4. Tofauti hiyo ya milioni 2.5 ndiyo msingi wa madai yake. Hasara ya mbali, mathalani kukosa biashara ya dhahabu kwa sababu alikuwa akihangaika na fundi, haifidiwi. Wala haifai kuacha mbao zioze makusudi, kwani mahakama hupima kama mdai alijitahidi kupunguza hasara.

Jinai huingia pale fundi alipodanganya wakati akipokea fedha. Aliyeonyesha cheti bandia cha ukandarasi, au aliyedai mabati yameshanunuliwa ilhali hayapo, anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Adhabu yake hufikia kifungo cha miaka saba. Ahadi ya "nitakuja Jumatatu", hata ikirudiwa mara kumi, haitoshi.

Kwa mkandarasi aliyesajiliwa, malalamiko yanaweza pia kufikishwa kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Fundi wa mtaani hayumo humo.

Madai ya deni la mkataba yasiyozidi Sh milioni 30 hupokelewa Mahakama ya Mwanzo, na ukomo wake ni miaka sita. Ujumbe wa simu, kumbukumbu za malipo na mashahidi hufaa kuwa ushahidi.

Kikwazo kikubwa katika ukanda wa dhahabu ni kumpata mdaiwa, kwa kuwa mafundi nao huhamia panapofumuka machimbo mapya. Wito wa mahakama huhitaji mahali pa kupelekwa, hivyo jina kamili la fundi, mtaa anakoishi na mdhamini wake huandikwa kabla fedha hazijatolewa.