Laini Gani Iko na Mbio Keja Kwako? Pima Hivi Kabla Uchome Doh ya Bundles

Saa tatu usiku, Pipeline ama Kayole, uko kwa keja umetulia. Juu ya simu imeandikwa 4G, vijiti vya network vimejaa vyote, na ile soo umeweka bundles bado iko fresh. Halafu video inazunguka. Inazunguka tu. Unazima data, unawasha. Unaweka airplane mode, unatoa. Wapi! Jirani kwa ngazi anakuambia, "Buda, hiyo laini yako imechapa, kuja hii yangu." Ukimuuliza alipima lini na akapimia wapi, hana jibu. Alisikia tu kwa base.

Usihamishe doh yako kwa stori ya base. Pima. Simu uko nayo mkononi inaweza kukuambia kitu hata zile billboard za Jogoo Road haziwezi: hapo kwa kitanda chako, saa ile wewe hutumia net, ni laini gani inakimbia.

Tuanze na vile vijiti, ju ndio huchanganya wasee wengi. Vijiti vinaonyesha vile sauti ya boosta inakufikia. Havipimi mbio. Ni kaa kuishi karibu na stage: stage kuwa mlangoni haimaanishi mathree iko na kiti. Boosta hugawanya nguvu yake kwa simu zote zinaitumia wakati huo, so unaweza kuwa na vijiti vyote na bado uko nyuma ya foleni ya watu mia.

Sasa namba. Ukipima utaona download, upload na ping. Download na upload zinaandikwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, na hapa ndio watu huchezwa. Biti si baiti. Biti nane ndio zinafanya baiti moja, so ukiona Mbps 40, gawanya na nane: ni MB 5 kila sekunde. Movie ya MB 400 itashuka kwa sekunde 80, si sekunde kumi kaa vile ulikuwa umepiga hesabu. Lakini pia usibabaike na namba kubwa. Netflix wenyewe wanasema Mbps 3 inatosha picha ya 720p, na Mbps 5 inatosha 1080p. So kama beshte yako anakutingisha ati yeye huona Mbps 90 na wewe uko na 12, na nyote mnacheki video moja kwa simu moja, hakuna kitu amekushinda.

Upload ndio wasee hupuuza, na kwa mayut wa Eastlando hapo ndio kuna chapaa. Kama unapost video, unatuma kazi ya dizaini, ama unafanya zile wera za online zenye lazima faili ifike kabla ya saa fulani, download haikusaidii. Piga hesabu: video ya MB 100 kwa upload ya Mbps 2 inachukua karibu dakika saba. Kwa Mbps 10 ni dakika moja na sekunde 20. Kuna laini ya kukupa download ya nguvu na upload ya kuchechemea, na hutajua mpaka siku ya deadline.

Ping nayo ni muda ujumbe mdogo unachukua kwenda kwa seva na kurudi, kwa milisekunde. Ndogo ndio poa. Kama wewe ni wa kucheza game online, ama uko na interview ya video, ping inakuhusu kuliko mbio. Ping ya 40 ni fiti. Ikipita 150 na inaruka-ruka, utaongea na boss akusikie nusu nusu, na kwa game utapigwa risasi na msee bado hujamwona.

Ya kupimia, wengi hutumia Speedtest ya Ookla. Kama hutaki kuweka programu kwa simu, fungua fast.com kwa browser, hiyo ni ya Netflix, waliitoa 2016, na inapima mbio kutoka kwa seva zao wenyewe. Tumia zote mbili. Speedtest huchagua seva iko karibu na wewe, mara nyingi hapa hapa Nairobi, so namba yake huwa tamu. Fast.com inakuonyesha vile hali iko ukitaka kucheki video za ukweli. Ukiona Speedtest inasema 30 na Fast inasema 4 kila mara, hapo kuna kitu, na tutarudi kwa hiyo.

Lakini chunga mfuko. Kupima kunakula bundles, na laini ikiwa na mbio ndio inakula zaidi, ju programu inavuta data kwa nguvu yote laini iko nayo. Kwa Mbps 40, sekunde 15 za download zinameza karibu MB 75, na upload bado. Kwa 5G ya Mbps 300 hizo sekunde 15 zinaenda na zaidi ya nusu GB. Msee akipima mara tano akijionyesha kwa mabeshte, bundles za finje zimeisha na hajafungua hata WhatsApp. So nunua bundle ya kupimia, ndogo, kwa kila laini, na upange kabla ubonyeze.

Kupanga ni hivi. Tumia simu moja. Ukipima laini moja kwa simu yako mpya na ingine kwa ile kabambe ya bro yako, umelinganisha simu, hujalinganisha laini. Kama ni ya laini mbili, badilisha data kutoka moja hadi ingine, lakini cheki: kuna simu za kitambo zenye slot ya pili haifiki 4G. Simu ikiwa hivyo, toa laini zote na uziingize slot ya kwanza kwa zamu. Zima WiFi, zima VPN, zima zile programu zinajisasisha chini ya maji. Kwa Speedtest, usiache ichague seva yenyewe. Chagua seva moja na ukae nayo kwa laini zote. Kaa mahali pamoja, usisimame kwa balcony na laini moja halafu ingine upimie chini ya blanketi. Na uangalie simu imeandika nini. Ikiandika H ama H+, hiyo ni 3G, umeshushwa, na namba utakayopata si ya 4G hata kama uko na bundle ya aina gani.

Pima mara tatu, uchukue namba ya katikati. Mara moja haikuambii kitu, ju net huruka kila sekunde. Halafu rudia kwa saa tofauti: ngware kaa saa kumi na mbili, mchana, na saa tatu usiku. Hii ya usiku ndio mambo yote. Chukua mfano tu: laini ya kwanza inakupa 45 ngware na 3 usiku. Ya pili inakupa 18 ngware na 11 usiku. Ukipima asubuhi pekee utaenda na ya kwanza, halafu kila jioni ukirudi kutoka wera unatukana ukuta. Kama net yako ni ya jioni, namba ya jioni ndio yako. Hizo zingine ni za kufurahisha macho.

Mbona usiku inakuwa ngori hivyo? Fikiria Buruburu na Pipeline. Buru ni nyumba za familia, zilianza kujengwa miaka ya 1970, za ghorofa moja moja na vigae juu. Pipeline ni flats zimebanana, dirisha linaangalia dirisha, kila floor na milango kibao. Saa tatu usiku wote wamerudi, wote wako online, na wanashindania boosta zile zile. Hapo hata kampuni iwe na jina kubwa aje, kukiwa na watu wengi kuliko nafasi, kila mtu anapata kidogo. Na usidhani ni shida ya boosta za mtaa pekee. Starlink walikuja Kenya Julai 2023, setilaiti kabisa, na Novemba 2024 walisimamisha kuuzia wateja wapya Nairobi na kaunti za karibu ju nafasi ilikuwa imejaa. Yaani hata angani foleni iko.

Kuna pia ukuta. Mawimbi ya chini, kaa yale ya 700 ama 800 MHz, hupenya mawe vizuri. Yale ya juu hubeba data mingi lakini yanafia kwa ukuta wa kwanza, wa pili ndio kabisa. Faiba walipoanzisha 4G yao mwisho wa 2017 walitumia 700 MHz. So laini yenye inawika nje kwa kibanda cha smokie inaweza kulala ukiingia keja ya ndani, ile yenye dirisha linaangalia kwa korido.

Ukitaka kujua kama shida ni ukuta ama ni foleni, simu inakuambia. Android nyingi, piga *#*#4636#*#* uangalie nguvu ya mawimbi, inaandikwa dBm na huwa na alama ya kutoa. iPhone ni *3001#12345#*. Ikiwa -85 hivi, boosta inakufikia safi. Ikishuka hadi -115, unasikia kwa mbali. So ukiwa na -85 na mbio bado ni ya konokono usiku, hiyo ni foleni, kusogea dirishani hakutasaidia. Ukiwa na -115, sogea, hata hatua tatu zinaweza kubadilisha maisha.

Siku zingine si boosta wala ukuta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na net ikalemaa Kenya na majirani. So laini zote zikilala siku moja, usinunue laini mpya. Subiri.

Nilisema tutarudi kwa ile tofauti ya Speedtest na Fast. Soma masharti ya bundle yako, hasa zile za "unlimited". Nyingi ziko na kikomo: ukimaliza GB fulani hawakukatii, wanakupunguzia mbio mpaka mwezi uishe. Zingine zina kasi maalum kwa video. Hapo unaweza kulaumu boosta bure na ni mkataba ulikubali bila kusoma. Na kama simu yako si ya 5G, hayo matangazo hayakuhusu. Safaricom walifungulia wateja 5G Oktoba 2022 na Airtel wakafuata Julai 2023, lakini bila simu ya kuishika utabaki kwa 4G na foleni yake.

Sitakuambia laini gani inaongoza Eastlands, na mtu akikuambia bila kuuliza unaishi ploti gani, hiyo ni stori ya jaba. Umoja inaweza kuwa tofauti na Donholm, na floor ya chini tofauti na rooftop. Ukishapata namba zako, si lazima uhame. Unaweza kuhama kampuni na namba yako, hiyo iko Kenya tangu 2011, lakini laini mbili ndio rahisi: ya M-Pesa ikae pale iko, ya bundles iwe ile imeshinda saa tatu usiku. Pima tena baada ya miezi michache, ju boosta huongezwa na watu huhamia.

Kama umelipia na unapata matope, piga screenshot zenye tarehe na saa, siku kadhaa, upelekee kampuni yenyewe kwanza. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Mawasiliano, wale wa Waiyaki Way, hupokea malalamiko, lakini watakuuliza kama ulianzia kwa kampuni.

Na kama unatafuta keja sahii, fanya hii kitu kabla ulipe deposit. Caretaker atakuonyesha nyumba saa sita mchana, watu wameenda job, net inaruka. Rudi jioni. Ingia bedroom, funga mlango, upime laini zote mbili kabla aanze kukuharakisha ati kuna msee mwingine anaitaka.