Je, Wajua? Monita Iking'aa Kupita Kiasi, Kuna Kitu Kimepungua

Je, wajua kwamba monita ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, ikianza kung'aa mno, kwa kawaida tatizo si umeme uliozidi bali umeme uliopotea? Ndani ya tyubu ya picha elektroni hutaka kukimbilia kioo wakati wote, na kazi kubwa ya saketi ni kuzizuia. Kizuizi kikilegea, picha hugeuka jua la saa saba mchana. Kwa hiyo mkazi wa Hurlingham, Nairobi, anayeilaumu stima ya mtaa anamsingizia asiyehusika. Monita nyingi za miaka ya 1990 na 2000 hupokea volti 100 hadi 240 bila mwangaza kubadilika, na stima ya Kenya ni 240.

Je, wajua elektroni huzuiwa vipi? Shingoni mwa tyubu ya rangi kuna bunduki tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila moja ina kathodi inayopashwa moto kwa volti 6 na ushei. Hapa mambo huenda kinyume na mtu anavyodhani: kathodi ikipewa volti nyingi picha hufifia, ikipewa chache picha hung'aa. Volti hizo hutoka kwenye kibao kidogo kilichochomekwa nyuma ya shingo, nacho hulishwa na laini yake maalumu. Kwenye runinga laini hiyo mara nyingi huwa na volti 180 hadi 200. Kepasita ikikauka, au rezista moja ya bei ya peremende ikikatika hapo, kathodi zote tatu huporomoka karibu na sifuri na bunduki zote hufyatua kwa pamoja. Utaona weupe mtupu wenye mistari myembamba ya mshazari, halafu baada ya sekunde chache monita inaweza kujizima yenyewe. Hiyo mistari nayo si ugonjwa mpya. Ni njia ya miale inaporudi juu baada ya kumaliza kuchora picha; ipo siku zote, ila monita nzima huificha.

Rangi moja tu ikijaa kioo, tuseme nyekundu, na mistari ileile ikionekana, shuku bunduki moja badala ya laini nzima. Mara nyingi waya wa kupasha moto umegusana na kathodi yake. Mafundi wa zamani wana dawa ya ajabu kwa hili: huzungusha waya mara chache kwenye kiini cha flaibeki, yaani transfoma ya volti za juu, wakapata umeme mdogo wa kuipasha bunduki hiyo bila kuiunganisha na saketi nyingine. Tyubu iliyohukumiwa kufa huweza kuendelea kwa miaka.

Je, wajua kwamba tyubu yenyewe ikizeeka hufifia, haing'ai? Kathodi huchoka na kutoa elektroni chache. Ndiyo maana monita kuukuu inayozidi kuwaka imebeba ugonjwa wa saketi, au imepitia mikononi mwa mtu aliyeizungusha SCREEN. Flaibeki nyingi zina vitufe viwili vya kuzungusha kwa bisibisi: FOCUS na SCREEN. SCREEN hupandisha volti ya gridi ya pili, inayozivuta elektroni kutoka kwenye kathodi. Ukiishusha kidogo, mistari hutoweka na weusi hurudi kuwa weusi. Tatizo ni kwamba fundi mvivu huishusha hata pale laini ya kathodi ilipokufa, mteja anaondoka na picha yenye ukungu, na wiki haiishi kabla hajarudi. Kwa maoni yangu, anayeigusa SCREEN kabla ya kupima volti kwenye kibao cha shingo anabahatisha.

Baadhi ya monita za mwisho za Trinitron za Sony zina kichaa chao: kadiri miaka inavyopita, weusi hugeuka kijivu na mwangaza hupanda wenyewe. Hazina SCREEN ya kuzungusha. Kipimo kimeandikwa ndani ya chipu, na hurekebishwa kwa kuunganisha kompyuta yenye programu ya WinDAS. Trinitron, iliyozaliwa mwaka 1968, utaitambua pia kwa mstari mmoja au miwili hafifu inayokatiza picha. Ni vivuli vya nyaya zinazotuliza wavu wa ndani, wala si mikwaruzo.

Sasa, kabla hujapakia kilo 15 au zaidi kwenye matatu ya 46 kutoka Hurlingham kwenda mjini, jaribu mambo mawili. Shusha mwangaza na kontrasti kwa vitufe vya mbele, kisha chomoa kebo ya kompyuta na uache monita iwake peke yake. Ikionyesha ujumbe wake wa kukosa kebo kwenye weusi safi, chunguza kebo na kompyuta. Ikiendelea kumeremeta, ugonjwa uko ndani, na hapo ndipo mkono wako unapaswa kusimama. Kwenye tyubu ya rangi elektroni huvutwa kwa volti zinazofika 25,000, na tyubu huweza kuhifadhi chaji muda mrefu baada ya kuchomolewa ukutani. Ili kuiondoa chaji hiyo, fundi mzoefu hufunga waya kati ya bisibisi ndefu na msuko wa waya mgongoni mwa tyubu, kisha huipenyeza bisibisi chini ya kofia ya mpira ambapo volti hizo huingia. Ukisikia mlio mkavu, ujue chaji ilikuwa inamsubiri mtu.

Wengi huishia kwa mafundi wa mjini, Luthuli Avenue, iliyopewa jina la Albert Luthuli, mshindi wa Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Tyubu nayo ina Nobel katika ukoo wake: Karl Ferdinand Braun, aliyeitengeneza mwaka 1897, aligawana ya fizikia na Marconi mwaka 1909, ingawa alituzwa kwa kazi ya redio.

Na je, wajua kwamba runinga ziliwahi kuvujisha eksirei? Mwaka 1967 General Electric ya Marekani ililazimika kushughulikia runinga za rangi zaidi ya 90,000, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria ya mionzi ya vifaa vya kielektroniki. Ndiyo sababu moja ya seti za baadaye kuwekewa saketi ya kujizima volti ya juu ikipanda mno.

Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, na mitambo ya analogi ikazimwa mwaka 2015. Hata hivyo runinga zenye kisogo hazikufa siku hiyo. Zilivishwa king'amuzi zikaendelea.

Monita ikishindikana kabisa, usimpe mtu aivunje uani kutafuta shaba. Tyubu haina hewa ndani na huweza kulipuka kuelekea ndani, na kioo chake cha nyuma kina madini ya risasi kwa wingi. Nairobi ina WEEE Centre, inayopokea taka za kielektroniki. Ipeleke huko ikiwa nzima, kisogo na vyote.