Miti Mikongwe na Sheria (3): Mugumo wa Rais na Miti ya Jericho

Niliahidi kwamba leo tungeingia kwenye vifungu vya sheria. Kumbe Marekani wamenitangulia: mswada wa kuokoa miti ya sequoia, uliowasilishwa mara ya kwanza mwaka 2022, umerudishwa bungeni. Miti hiyo ya California huweza kuishi zaidi ya miaka 3,000, na gome lake nene limezoea moto. Lakini ukame uliikausha misitu, na moto mmoja tu wa mwaka 2020 ukakadiriwa kuua kati ya 7,500 na 10,600 ya ile mikubwa. Mwaka uliofuata, wazima moto waliuvisha mti uitwao General Sherman karatasi za alumini shinani, kama samaki anayesubiri makaa.

Nilipoiona picha ile nilikumbuka Thika. Wasomaji wangu wa zamani watanisamehe, maana kwa Mugo wa Kibiru sichoki kurudi. Ndiye mtabiri wa Wakikuyu aliyewaona wageni wenye rangi ya chura mdogo, na nyoka wa chuma, kabla reli haijafika. Husimuliwa kwamba alisema mti wa mugumo wa Thika ukianguka, utawala wa wageni nao utakwisha. Wakoloni, waliojifanya kuucheka ushirikina, wakauzungushia mti ule chuma usianguke! Ukaanguka hata hivyo, karibu na uhuru wa 1963. Mzungu aliulinda mti kwa kuogopa kung'olewa yeye. Mzee wa Kikuyu aliulinda kwa sababu chini yake aliomba na kuchinja, na aliyetaka kuukata alijua kuna tambiko la kulipa. Hapakuwa na askari wala faini, lakini shoka halikuugusa.

Sisi tuna nini? Mwezi Novemba 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mugumo wa Waiyaki Way jijini Nairobi wenye umri unaozidi miaka 100 uliponea chupuchupu. Uliokolewa kwa tamko la Rais Uhuru Kenyatta, ukakabidhiwa wasimamizi wa jiji wautunze. Nilishangilia kama wengine. Baadaye nikajiuliza: ule wa pili, usiopigwa picha na magazeti, utaombewa na nani? Tamko lile ni hisani ya mkubwa, na hisani huondoka na mwenyewe. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu mti kutangazwa rasmi kuwa chini ya ulinzi. Mlango upo, tunangoja buldoza lifike ndipo tuutafute ufunguo.

Nafasi inaniishia na bado sijafika kwetu Eastlands. Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho: mitaa hii ilijengwa na nafasi ya miti kati ya nyumba, na miti hiyo leo imewazidi umri wapangaji wengi. Msidhani moto wa California uko mbali. Huku kwetu moto ni wa taka. Kila jioni mtu anasukuma takataka hadi shinani, anawasha, anaenda zake, na gome linaungua upande mmoja mwaka baada ya mwaka. Ukame wetu nao tunautengeneza wenyewe kwa kabro na saruji iliyomwagwa hadi kwenye shina, mvua inyeshe isiifikie mizizi. Kisha tawi likidondoka juu ya matatu tunasema mti umezeeka, ukatwe. Na sasa nyumba za zamani zinabomolewa kupisha maghorofa. Sipingi maghorofa, watu wanahitaji pa kulala. Ninachopinga ni ramani inayoonyesha kila bomba la maji taka na isionyeshe mti hata mmoja.

Kaunti iihesabu miti hii, kila mmoja upewe namba, na anayetaka kuukata aeleze sababu hadharani kabla ya msumeno kuwashwa. Uchaguzi ni Agosti 2027. Mwakilishi wa wadi akija uwanjani kwenu kuomba kura, na bila shaka atasimama kivulini, muulize rejista ya miti iko wapi.