Ushauri Usio na Mwenyewe: Haki za Mjane na Mzee Mjini Eldoret

Familia nyingi za Pwani zina jamaa Eldoret. Yuko binti aliyeolewa huko, yuko mjomba aliyefungua duka zamani mji ulipokuwa bado ukiitwa Sitini na Nne, na wako vijana waliokwenda kusoma wakabaki kufanya kazi. Mji huo, uliotunukiwa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, umekusanya watu wa kila upande: kutoka Mombasa na Lamu, kutoka Wajir na Mandera, kutoka Turkana, kutoka Kisumu na Busia. Hospitali ya Rufaa ya Moi huwaleta wagonjwa wa Magharibi yote na wa mbali zaidi. Mahali pa mkusanyiko kama huo, ushauri haupungui. Kila mtu ana jambo alilolisikia kwao, na kila simu ina kundi la akina mama, kundi la mtaa, kundi la ukoo, ambamo khabari za misaada ya serikali hupita usiku na mchana.

Makala haya hayawahusu matapeli. Hao wamekwisha kuandikwa sana, na kila msomaji anajua kwamba nambari ya siri ya M-Pesa haipewi mtu. Tunaowakusudia ni watu wema: jirani, shoga, binamu, wanaotoa ushauri kwa nia safi na kwa imani kamili kwamba ni wa kweli. Aghlabu ulikuwa wa kweli. Ulikuwa wa kweli kwa mtu mwingine, katika kaunti nyingine, au katika mwaka mwingine.

Tuanze na wazee. Mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha za kujikimu ulianza katika mwaka wa fedha wa 2006/2007, na wakati huo uliwahusu maskini waliotimiza umri wa miaka 65. Mwaka 2018 ukaja utaratibu mpya chini ya Inua Jamii: kila mzee aliyefikia miaka 70 na asiyepokea pensheni ya serikali, tajiri au maskini, akawa na haki ya kuandikishwa. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Basi leo utamsikia mtu akisema kwa yakini kwamba umri ni 65, na mwingine kwamba ni 70, na wote wawili wanakumbuka jambo lililokuwapo. Wa tatu atasema kwamba ukitimiza 70 fedha huja zenyewe. Huyu ndiye mwenye madhara zaidi, kwa sababu mzee anayemsikiliza hukaa akingoja. Fedha haziji zenyewe. Mzee huandikishwa kwa kitambulisho chake, usajili hufunguliwa kwa vipindi, na asiyekuwapo kipindi kilipotangazwa hungoja kingine. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Kwa bibi anayeishi chumba cha kupanga mtaa wa Langas au Huruma, hiyo ni kodi na dawa.

Kisha kuna tofauti za mahali. Ndugu zetu waliotoka Kaskazini Mashariki wanaujua mpango wa kupambana na njaa ulioanzia kaunti nne za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Mpango huo una masharti yake na malipo yake, nao haukuwekwa kwa ajili ya Uasin Gishu. Mama aliyehamia Eldoret kutoka Wajir anapomweleza jirani yake namna dada yake alivyoandikishwa kule, anasimulia ukweli mtupu. Lakini jirani akishika njia akaenda kuulizia mpango huo katika ofisi ya Eldoret, atarudi mikono mitupu na moyo mzito, na pengine atakata tamaa hata ya kuulizia ule unaomhusu, yaani wa mayatima walio chini ya ulezi wake. Mpango wa mayatima na watoto wanaoishi katika dhiki upo tangu 2004, na fedha zake hukabidhiwa mlezi. Hapo pia pana tanzi: mlezi akifariki, au watoto wakihamia kwa shangazi, jina la mlezi halibadiliki mpaka ofisi iarifiwe.

Katika afya mambo ni hivyo hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2024 Bima ya NHIF iliondoka ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Chini ya utaratibu wa zamani, aliyejiajiri alilipa shilingi 500 kwa mwezi na basi. Chini ya mpya, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiyekuwa na mshahara hukadiriwa kwa maswali juu ya hali ya nyumba yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Bado wako wanaoshauriana kulipa mia tano. Wako pia wanaoamini kwamba kujiandikisha pekee kunatosha. Kujiandikisha kunamfungulia mtu zahanati na kituo cha afya, kwa kuwa huduma hizo za msingi zina mfuko wake. Akilazwa katika hospitali kubwa, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama mchango umelipwa. Hilo si jambo la kulijua usiku wa manane mgonjwa akiwa juu ya kitanda cha magurudumu.

Lakini mahali ambapo ushauri wa kupokezana huumiza zaidi ni nyumba ya mjane, na hapo tungependa kukaa kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotuhusu sisi Waislamu kuliko wengine.

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, yaani kiasi cha siku 128. Na aliye mjamzito, mpaka ajifungue. Katika muda huo hutulia nyumbani. Dunia ya nje humfikia kwa wageni na kwa simu. Haki zake, hata hivyo, ziko katika ofisi, na ofisi haina eda. Siku zinahesabiwa huko kama kawaida. Mtu anayemwambia, “Tulia mama, mambo ya makaratasi ni baada ya eda,” anamwonea huruma, na maneno yake yana adabu. Tuyapime kwa kalenda.

La kwanza ni kifo chenyewe kuandikishwa. Sisi huzika upesi, na hiyo ni sunna tunayoishika kwa fakhari. Mtu akifia hospitalini, hospitali huandika kifo na kutoa kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, ni naibu wa chifu anayepaswa kuarifiwa na kutoa kibali hicho. Maiti iliyotoka nyumbani alasiri ikazikwa kabla ya magharibi mara nyingi huzikwa bila karatasi yoyote, na wote waliokuwapo hudhani mwingine ameshughulikia. Kifo kisichoandikishwa ndani ya miezi 6 huingia katika utaratibu wa waliochelewa, wenye ushahidi zaidi wa kutafutwa na idhini zaidi za kuombwa. Toa siku za eda katika miezi hiyo sita. Zinazobaki hazifiki sitini. Bila cheti cha kifo hakuna benki, hakuna NSSF wala mwajiri atakayemsikiliza mjane. Kila mlango utamrejesha kwenye karatasi hiyo moja.

La pili linawagusa waliofiwa na mume aliyekufa kazini, na Eldoret ni mji wa viwanda: vya nguo, vya unga, vya mbao. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inampa mfanyakazi aliyejeruhiwa, au wategemezi wa aliyefariki, haki ya kulipwa. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali iliyoua ndani ya saa 24. Dai la fidia nalo linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Miezi 12 huonekana mingi. Anza kuitoa eda, kisha muda wa kungoja cheti, kisha miezi ya kuambiwa na msimamizi wa kiwanda, “Njoo wiki ijayo,” kisha Ramadhani na Idi, na utaona namna mwaka unavyoyeyuka. Hapo huingia mshauri wa nne, anayesema kwamba kibarua hana fidia. Neno hilo limewanyamazisha wajane wengi, nalo si sahihi: sheria hiyo inamtazama mtu aliye chini ya mkataba wa kazi, na mkataba wa kazi si lazima uwe wa kudumu. Kama marehemu alikuwa mwajiriwa au la ni swali linaloamuliwa kwa ushahidi, si kwa jina aliloitwa kiwandani. Mahali pa kuliuliza ni kwa maafisa wa usalama na afya kazini, walio chini ya Wizara ya Kazi.

La tatu ni ndoa yenyewe. Mjane atatakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua nikahi ya Kiislamu na inataka isajiliwe. Wengi wetu tuliozwa mbele ya sheikh na mashahidi, tukala pilau, na cheti hakikufuatwa. Ndoa ilikuwa sahihi kabisa mbele ya sharia, ila dirishani ofisini mjane hana cha kuonyesha. Hapa ushauri wa mitaani ni wa ajabu: huambiwa aende akaape mbele ya wakili kwa malipo, kabla ya kuambiwa kwamba yuko Kadhi. Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba, huamua masuala ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wanakubali mamlaka yake. Eldoret ina mahakama hiyo. Suala la mali ya marehemu, pamoja na mzozo unaozuka kila mara baina ya aliyeandikwa kwenye fomu za akiba na warithi wengine, lipelekwe huko mapema, kabla halijazungumzwa mno ukumbini likawa ugomvi wa ukoo.

Je, mjane anaweza kutoka katika eda kwa dharura ya kufuatilia haki yake? Wanavyuoni wamelizungumza, na jibu la hali yake mahususi alitafute kwa sheikh anayemwamini. Sisi tunauliza swali jingine, la jamaa: kwa nini atoke yeye? Shemeji, kaka, mtoto mkubwa, wote wanaweza kwenda kwa naibu wa chifu, wanaweza kukusanya nakala za kitambulisho na kadi ya NSSF ya marehemu, na wanaweza kumpelekea mwajiri barua wakabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Tunapopanga khitma tunagawana kazi: huyu mchele, huyu mahema, huyu viti. Karatasi za mjane hazijawahi kupewa mtu katika mgao huo.

Surat al-Hujurat ina agizo mashuhuri juu ya khabari iletwayo na kuhakikishwa kwake kabla watu hawajadhurika kwa kutojua. Kwa khabari za misaada, kuhakikisha si jambo gumu. Mtu akikwambia jambo, muulize alilijua lini, aliambiwa na ofisi gani, na aliyepewa haki hiyo anaishi kaunti gani. Mwanamke wa Kipwani hanunui kanga bila kuikunjua, akaangalia pindo, akasoma jina, akaupapasa uzi. Kisha habari itakayomkosesha mapato ya mwaka anaipokea jinsi ilivyo na kuipeleka mbele kwa watu 200. Tukisema kweli, wengi wetu huipeleka mbele kabla hatujaisoma mpaka mwisho.

Ofisi nazo zina lawama yake. Watu hukimbilia simu kwa sababu dirisha limefungwa, afisa ana haraka, na lugha ya fomu si lugha yao. Mzee hutumwa kutoka Huduma Centre kwenda kwa chifu, na kutoka kwa chifu kwenda ofisi ya maendeleo ya jamii, akarudishwa alikotoka. Lakini raia ana silaha ambayo haitumiki vya kutosha. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata khabari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa khabari inaipa ofisi siku 21 kumjibu aliyeomba. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika anaweza kulisema kwa mdomo, afisa akaliandika. Ofisi isiyojibu hushtakiwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo kupokea malalamiko ya namna hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa jamaa wa Eldoret, na kwa walio Pwani wenye wazazi huko, kazi ya wiki hii inaweza kuwa ndogo. Mzee aliyekaribia miaka 70 atazamwe kitambulisho chake, kwani tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo ndiyo itakayohesabiwa, hata kama kila mtu mtaani anajua kwamba ni mkubwa zaidi. Ikiwa imekosewa, marekebisho yaanze sasa, maana huchukua muda. Kisha apelekwe kwa chifu, aulize usajili ujao ni lini, na anayemsindikiza aandike jina la afisa aliyejibu pamoja na tarehe.