Rangi 200, kahawa moja: kilichonikuta Mbinga!

Kama kuna siku nimeumbuka mbele ya mjomba wangu, ni ile niliyompelekea picha ya shamba lake ikiwa nyekundu tupu kama imemwagiwa rangi ya kucha. "Sasa mjomba," akaniuliza, "ina maana shamba zima linaumwa?" Nikabaki naumauma maneno.

Tuanze mwanzo. Mimi na mshikaji wangu wa chuo tuliazima droni (serikalini wanaiita ndege nyuki) na kamera yake ya haipaspektra. Vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vya wizara ya ulinzi mkononi, tukakamata basi mpaka Mbinga. Kamera yenyewe si mchezo. Jicho lako, hata uwe mrembo vipi, linapokea rangi 3 tu: nyekundu, kijani na bluu, nyingine zote ubongo unachanganya wenyewe. Hii inaukata mwanga vipande vyembamba zaidi ya 200, pamoja na infraredi ambayo jicho haliioni kabisa.

Faida yake? Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu lijipikie chakula, halafu infraredi linaitupa nje kwa wingi. Ukichora mstari wake, kati ya nanomita 680 na 750 unapanda ghafla kama kilima cha Umatengo. Jani likianza kuugua, kilima kinalegea na kusogea kidogo, mara nyingine kabla hujaona unjano wowote. Na mjomba anaogopa kutu ya majani, ugonjwa ule ule ulioripotiwa Ceylon (siku hizi Sri Lanka) mwaka 1869, ukaimaliza kahawa yao mpaka wakahamia kwenye chai. Ada za wanawe zinatoka kwenye ile mikahawa, kwa hiyo hakuwa anatania.

Kasheshe ikaanza tulipotua. Picha moja ya nukta 1,000 kwa 1,000, rangi 200, kila namba ikila baiti 2, ni megabaiti 400. Sisi tulikuwa na makumi ya hizo! Kompyuta ya mshikaji ikalalamika kama lori la makaa ya mawe likipanda mlima, mwisho ikatema ile ramani nyekundu.

Wekundu ulikuwa nini? Kivuli, bwana! Jirani na kahawa kuna ngoro za mahindi, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe udongo mteremkoni. Toka juu ni kama sega la nyuki. Kila shimo lina kivuli, na programu yetu ikakiita ugonjwa. Mababu walichimba dawa ya mmomonyoko, sisi tukaiandikia cheti cha hospitali!

Usiku ule tukakubaliana kuanza upya kwa njia nyepesi. Swali liwe moja: tunatafuta kutu, basi. Chulebuni tukaiweka kando, maana hiyo inashambulia punje changa zilizojificha chini ya majani, kamera ya angani itaionea wapi? Asubuhi, kabla ya kurusha, tukapiga picha kibao cheupe ambacho kiwango chake cha kurudisha mwanga kinajulikana, na nyingine lenzi ikiwa imefunikwa, ili kompyuta ijue jua la siku hiyo ni kali kiasi gani na kelele za kamera yenyewe ni zipi. Siku ya kwanza kibao hicho tulikidharau. Bila hicho, picha ya leo na ya wiki ijayo hazilinganishiki hata kidogo. Tukarusha saa 6 mchana, vivuli vikiwa vifupi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutupa. Nukta zenye giza kwenye infraredi, nje: hapo vivuli vikaondoka, na maji ya kijito pia, kwani maji yanaimeza infraredi. Rangi za pembeni zenye kelele, nje. Tukabaki na 5: kijani, nyekundu, mbili za kwenye kile kilima, na infraredi. Megabaiti 400 zikawa 10. Kompyuta ikamaliza tukiwa bado tunakunywa chai.

Mshikaji akaniudhi: "Kama 5 zinatosha, hii mashine tumeibeba ya nini?" Jibu langu ni kwamba hii ni ya kukuonyesha rangi zipi zinakufaa; ukishazijua, kamera ya rangi chache na ya bei nafuu inatosha. Kuna satelaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa 2015, rangi 13 na picha bure, ila nukta yake ndogo kabisa ni mita 10. Humo inaingia mikahawa kibao.

Tuliteremka na Mbamba Bay, eti tupige picha matete ya ufukweni wanakokaa konokono wa kichocho. Upepo wa Nyasa ukagoma. Tukala mbasa, tukapanda tena.

Siku ya mwisho mjomba akachukua ramani mpya, tukaingia shambani mti kwa mti. Kila palipo na alama anageuza jani. Mingi ilikuwa na unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, kutu yenyewe. Kufika mmoja akacheka. "Huu hauumwi, mjomba. Una njaa ya mbolea." Kweli, unjano ule kamera haikuweza kuutofautisha. Akaniomba kalamu, akaukata kwenye ramani, na mingine miwili. Halafu akaanza kuhesabu mrututu wa kupulizia mistari ile tu, badala ya shamba zima.