Pumzi ya Mwanao Inasema Nini?

Mama msomaji, Julai ya Majengo unaijua. Baridi inashuka kutoka mlimani, jiko la mkaa linaingizwa ndani, na mtoto mwenye pumu anaanza kukohoa usiku. Unampa ile dawa ya kuvuta ya bluu, kifua kinafunguka, asubuhi anakwenda shule akirukaruka. Jirani akikuuliza, unajibu, "Ameshapona, mama."

Je, amepona kweli? Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Katika pumu, misuli ya njia za hewa hukaza, na kuta zake huvimba kwa ndani. Dawa ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli tu. Uvimbe unaweza kubaki kimya hata mtoto akicheza rede uwanjani.

Mwaka 1991 watafiti wa Stockholm, Sweden, akiwamo Lars Gustafsson, walionyesha kuwa pumzi ya binadamu ina gesi iitwayo naitriki oksaidi. Miaka miwili baadaye ikaonekana kuwa wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi. Hiyo ndiyo asili ya kipimo cha pumzi. Hakuna sindano. Mtoto anavuta hewa mpaka kifua kijae, kisha anapuliza taratibu bila kukatisha, sekunde 6 hadi 10. Kwa watoto, chini ya sehemu 20 katika sehemu bilioni moja za hewa ni kidogo. Zikizidi 35, daktari hushuku uvimbe wa aina ya mzio, na pengine dawa ya kila siku haitumiki. (Kumbe ilikuwa imelala kabatini!) Mboga za majani zilizoliwa muda mfupi kabla huweza kupandisha hesabu, kwa hiyo mchicha usubiri. Tena, hesabu ndogo haithibitishi kuwa mtoto hana pumu.

Kipimo hiki kimetumika kwa wanafunzi wa Kampala, Uganda, katika utafiti wa pumu uliofanyika nchi kadhaa za Afrika. Usitegemee kukikuta zahanati ya jirani. Lakini wewe mama unaweza kujiuliza kuhusu wiki 4 zilizopita: Alibanwa mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Aliamka usiku akikohoa? Alihitaji dawa ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Aliacha kucheza kwa sababu ya kifua? Ukijibu ndiyo hata mara moja, mpeleke kwa daktari ukaulizie dawa ya kuzuia uvimbe, kama beklometasoni. Hiyo hutumiwa kila siku, hata akiwa mzima, na baada ya kuvuta asukutue mdomo.

Mtoto mdogo hushindwa kuvuta sawasawa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa kopo la dawa na kuzibwa pembeni, ilifanya kazi kama kile chombo cha dukani. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

Ila mbavu zikibonyea, midomo ikigeuka rangi, au akishindwa kumaliza sentensi, mpe dawa ya bluu na umkimbize hospitali usiku huohuo.