Mtoto Anayeanguka Kila Mara, na Gharama Isiyo na Risiti

Yuko mtoto wa kiume anayechelewa kutembea, na akishatembea huanguka kila mara. Afikapo miaka minne bado hawezi kukimbia na wenzake. Mashavu ya miguu yake ni manene, hata majirani husema huyu atakuwa mcheza mpira. Akitaka kuinuka sakafuni hushika magoti, kisha mapaja, akijikwea mwenyewe kama mtu apandaye mti. Usimwite mvivu. Mpeleke hospitali, uulize kuhusu kipimo cha damu kiitwacho CK.

Huenda ukaambiwa ni ugonjwa wa Duchenne. Misuli hukosa protini iitwayo distrofini, ikaharibika polepole. Humpata takriban mvulana mmoja katika kila 5,000 wanaozaliwa. Wengi huacha kutembea wafikapo miaka 12 hivi, na baadaye mapafu na moyo hudhoofika.

Sisi wauguzi huulizwa kwanza bei ya dawa. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu tiba ya jeni iliyotangazwa kwa dola milioni 3.2, nayo haiondoi ugonjwa kabisa. Kabla hujauza shamba kwa ajili ya habari za namna hiyo, jua kwamba dawa iliyotumika miaka mingi kuchelewesha udhaifu ni prednisoloni, vidonge vya kawaida. Mtoto hupewa kwa uangalizi wa daktari, na havikatizwi ghafla hata siku moja, maana ni hatari.

Gharama inayoivunja nyumba iko kwingine. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa familia 770 za Ujerumani, Italia, Uingereza na Marekani. Katika nchi hizo, kati ya walezi 27 na 49 katika kila 100 walikuwa wamepunguza saa za kazi au kuacha kazi kabisa. Hizo ni nchi zenye bima na viti vya magurudumu. Kwetu, anayefunga kibanda chake cha mboga ili ambebe mtoto hadi shule ni mama, na hakuna anayeiandika hasara hiyo popote.

Hebu tuihesabu siku yake. Kijana wa kilo 40 huinuliwa kitandani, hupelekwa chooni, huogeshwa, hurudishwa. Usiku hawezi kujigeuza, hivyo huita, na mama huamka mara tatu au nne. Prednisoloni nayo huongeza hamu ya kula, na kila kilo inayoongezeka huukuta mgongo wa mama. (Akina baba, mkiwa mnasoma gazeti hili kwa siri, zamu ya usiku inawahusu pia.) Tumewaona akina mama waliokuja kliniki kwa ajili ya mtoto, wakaondoka na dawa za maumivu ya kiuno chao.

Halafu kuna lawama. Ni kweli kwamba jeni hii hupitia kwa mama. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hawa hawakuirithi. Kasoro ilianza kwao wenyewe. Na mama aliyeibeba hakuichagua, kama mume asivyochagua urefu wake. Shemeji anayeshauri mwanamume aoe mwingine hajui anachosema. Mama mwenye jeni hiyo anahitaji yeye mwenyewe kupimwa moyo, kwa kuwa unaweza kudhoofika, na dada zake waelezwe mapema.

Vikundi vyetu vya akina mama kanisani hupenda kupeleka sukari na sabuni. Si vibaya. Ila tumeona kinachomfaa zaidi ni mtu wawili wenye nguvu, Jumanne na Ijumaa, waliofundishwa kumwinua mtoto: mmoja nyuma akimkumbatia kifuani, mwingine akishika chini ya magoti, wakihesabu pamoja. Mama apate saa tatu za kufungua kibanda, au za kulala tu.